Usipime unene wa filamu kwa namba ya jedwali kwenye 285.2 eV

Mkuu, usitengeneze filamu hata moja kabla hujasoma hii.

Umesema una filamu za polistireni (plastiki ya kaboni na haidrojeni) na utachukua ufyonzaji wa kaboni kutoka kwenye jedwali pale 285.2 eV (eV ni kipimo cha nishati ya fotoni), upime mwanga wa eksirei unaopita, kisha upige hesabu ya kurudi nyuma upate unene. Umeuliza utumie jedwali la Henke au la Chantler (yote mawili ni ya ufyonzaji wa eksirei, yana majina ya waliyoyatunga), f2, yaani namba ya jedwali inayoonyesha atomu inafyonza kiasi gani, inageuzwaje kuwa mgawo wa ufyonzaji, na dirisha la silikoni nitridi la kushikilia filamu liwe nene kiasi gani. Mimi nilipofika kwenye hiyo 285.2 nikaacha kusoma mengine. Njia hiyo nimeipita na iliniacha peku.

Ukingo wa K wa kaboni, yaani nishati ambapo fotoni inaanza kuzing'oa elektroni za ndani kabisa, kwenye majedwali uko 284.2 eV. Jedwali linaihesabu kaboni kama atomu iliyo peke yake, isiyo na jirani wala kifungo. Chini ya hapo ufyonzaji ni mdogo, juu yake unaruka ghafla zaidi ya mara kumi, halafu unashuka taratibu. Ngazi moja, safi kabisa. Polistireni haina habari na ngazi hiyo. Ina pete za benzeni, na elektroni ya ndani ya kaboni ikipigwa na fotoni ya karibu 285.2 eV haitoki nje ya molekuli, inapanda kwenye obitali tupu ya pete, iitwayo π*. Hapo ndipo panaposimama kilele chembamba na kirefu, kinachoipita ngazi ya jedwali kwa mbali. Sogea mbele kidogo tu, ufyonzaji unaporomoka. Polithini nayo ni kaboni na haidrojeni vilevile, lakini haina pete, kwa hiyo kilele hicho haina. Jedwali linazipa zote mbili karibu mgawo uleule kwa gramu. Sasa umchague Henke au Chantler, itakusaidia nini?

Tena angalia faili lenyewe. Data za Henke zimepangwa kwa nukta 500 za kilogi (hatua inakua kadiri nishati inavyopanda) kutoka 10 hadi 30,000 eV, pamoja na nukta za ziada 0.1 eV kila upande wa ukingo. Eneo lako hatua kati ya nukta na nukta inazidi 4 eV. Hiyo namba ya 285.2 uliyonayo, yenye desimali zake sita za kupendeza, kwa uwezekano mkubwa programu imeipata kwa kuvuta mstari kati ya nukta mbili.

Mimi nilipanga unene wa sampuli zangu zote kwa namba za aina hiyo. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa shwari, mwanga wa kutosha ungepita. Tukapata zamu kwenye sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei (na wenye kuomba zamu wanajua inavyopatikana), tukaweka filamu, tukapita kwenye kilele, na kwenye zile nene mwanga ukakaribia kuzimika. Kilichobaki kikiingia kwenye ditekta kilikuwa harmoniki ya pili, yaani fotoni za nishati maradufu zinazopenya pamoja na zile unazozitaka, karibu 570 eV, ambayo filamu ya namna hiyo inaipitisha bila shida, pamoja na mwanga uliotawanyika. Ditekta haiulizi fotoni imetoka wapi, inahesabu tu. Kilele kikatoka na kichwa bapa. Nikaona ni mashine imetulia, nikaendelea.

Sikiliza sasa sehemu iliyoniumiza. Kwenye filamu nyembamba, kilele halisi kilikuwa kirefu kuliko cha jedwali, kwa hiyo hesabu ikaniambia kuna mata nyingi kuliko iliyopo. Kwenye nene, kilele kilikuwa kimekatwa kichwa, hesabu ikapunguza. Za katikati makosa mawili yakafutana na jibu likatoka zuri ajabu, karibu sawa na unene niliopima kwa sindano ya profilometa, kifaa kinachopapasa uso wa filamu. Hizo za katikati ndizo nilizotumia kuhakiki njia yangu! Nikagawanya kiasi cha mata kwa unene wa profilometa nikapata msongamano, na ikaonekana kadiri filamu inavyokuwa nyembamba ndivyo minyororo ya polima inavyoshonana zaidi. Nilikuwa na maelezo ya kifizikia, tena matamu. Nikachora grafu, nikasimama mbele za watu. Msikilizaji mmoja akauliza kwa upole, "Msongamano unatoka ngapi ukitumia data za 340 eV?" Nikasema tutaangalia. Tuliangalia. Ugunduzi ulikufa siku hiyohiyo, na nadharia yake ikazikwa nayo.

Aliyenipeleka huko alikuwa mkubwa mmoja wa maabara aliyependa kusema kwamba jedwali limeshapitiwa na mabingwa, anayelipima upya anapoteza muda. Maisha yake yote alikuwa kwenye eksirei ngumu, keV 10 (eV 10,000) na kuendelea, ambako kaboni haina ukingo wa kumsumbua mtu. Kwake ilikuwa kweli. Kunipa mimi ushauri huo kwa sauti ya hakika, bila hata kuuliza ninafanyia kazi nishati gani, hilo sijamsamehe. Wenye jedwali wenyewe hawana kosa, maana tovuti ya data hizo kule Berkeley inasema wazi kwamba karibu na kingo hali ya kikemia ina uzito na lazima upime mwenyewe. Onyo liko palepale juu ya viungo vya kupakulia. Nani huwa anasoma.

Kwa hiyo jedwali litumie pembeni, ukingoni pima. Chukua mwanga unaopita kabla ya ukingo, tuseme 270 hadi 280 eV, halafu mbali baada yake, 330 hadi 350, ambako mawimbi ya resonansi yamefifia. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokupa kiasi cha kaboni, na hapo Henke wa 1993 anatosha. Chantler ni nadharia tupu, mzuri kwa kulinganisha. XCOM, jedwali jingine la ufyonzaji, usiiguse, inaanzia keV 1. Ufyonzaji wa atomu moja ni 2 × rₑ × λ × f2, λ ikiwa urefu wa wimbi na rₑ, nusu kipenyo cha elektroni, ikiwa 2.818 × 10⁻¹⁵ m. Katikati ya maeneo hayo mawili weka spektra uliyoipima wewe, uikuze au uipunguze mpaka ikae juu ya jedwali pande zote mbili.

Filamu iwe nyembamba kiasi kwamba hata kwenye kilele asilimia 10 ya mwanga inapita. Na kipimo cha mwanga bila sampuli kichukue kwa nishati zilezile, siku ileile, kwa sababu vioo vya sinkrotroni hujipaka kaboni, na kaboni hiyo inachimba shimo lake karibu na hiyohiyo 285.