Kutoka London hadi Sydney: umbali na muda wa safari

Umeuliza umbali wa London hadi Sydney kwa ndege, na kwa nini tiketi inaonyesha kwamba ukiondoka Jumatatu usiku utafika Jumatano alfajiri.

Umbali kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia ni takriban kilomita 17,000. Ukiugawanya kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, yaani kilomita 900 kwa saa, unapata saa 19 hivi. Lakini hesabu hiyo ni ya karatasini tu, kwa sababu ndege nyingi katika njia hii hutua mahali kama Singapore au Dubai, na pamoja na kusubiri safari hufikia saa 22 hadi 24, au zaidi ukichagua tiketi yenye kituo kirefu.

Kuhusu tarehe, Sydney iko mbele ya London kwa saa 9 hadi 11 kulingana na majira. Kwa mfano, mwezi Juni ukiondoka Jumatatu saa tatu usiku na kusafiri saa 23, London itakuwa Jumanne saa mbili usiku, ilhali Sydney tayari ni Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Kurudi huchukua muda mrefu zaidi, maana pepo za juu huvuma kutoka magharibi.

Ningekushauri ununue safari yote kwa tiketi moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lenyewe likutafutie nyingine.