Kwa mnaoanza kupima viwiko: fuateni neva hadi vidoleni

Mgonjwa akikuambia mkono wake unakufa ganzi, usiandike "ganzi ya mkono" ukaendelea na maswali mengine. Mwombe akuoneshe, kwa kidole cha mkono wa pili, ganzi inaanzia wapi na inaishia wapi. Akigusa kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, mtuhumiwa wa kwanza ni neva (mshipa wa fahamu) ya alna. Akionesha gumba, shahada na cha kati, ni neva ya mediani, na hiyo mara nyingi hubanwa kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko.

Neva ya alna hupita nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo inayokupiga shoti ukijigonga ukutani. Ukikunja kiwiko, njia yake hupungua upana na yenyewe huvutika. Kwa hiyo kuna swali ninalolithamini kuliko vipimo vingi: unalalaje? Anayelala mkono umekunjwa chini ya shavu, akaamka usiku kuukung'uta, amekupa nusu ya jibu.

Lakini msikimbilie kukilaumu kiwiko. Gusa nyuma ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Tawi linalofika hapo huachana na neva kabla ya kifundo cha mkono, hivyo ganzi ya mahali hapo inakuambia tatizo liko juu ya kifundo. Kisha panda na kigasha, upande wa ndani. Ngozi ile haihudumiwi na neva ya alna. Ganzi ikiwa imefika huko, kapime shingo na mishipa ya fahamu itokayo humo. Papasa pia neva yenyewe nyuma ya nundu, mikono yote miwili. Ikiwa nene kama kamba, fikiria ukoma na ukague ngozi ya mwili mzima.

Halafu misuli. Mpe karatasi aibane kati ya gumba na ubavu wa shahada, kisha uivute. Gumba likijikunja kwenye kiungo cha mwisho ili lisiiachie, hiyo ndiyo ishara aliyoieleza Mfaransa Jules Froment mwaka 1915. Tazama na mnofu wa nyuma ya kiganja, kati ya gumba na shahada. Umebonyea? Basi mpeleke kwa daktari wa upasuaji sasa, usimpe kwanza miezi ya mazoezi. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi misuli ya kiganja ni safari ndefu. Misuli iliyokaa mno bila neva hairudi. Naumia sana nikimwona mgonjwa aliyefikishwa akiwa amechelewa.

Ganzi inayokuja na kuondoka, bila udhaifu, inaweza kusubiri. Azungushie kiwiko taulo usiku kisikunjike, aache kukiegemea, asiishikilie simu sikioni muda mrefu.

Maumivu ya upande wa nje ni habari nyingine. Yakiwa kwenye nundu ya nje ya kiwiko na yakizidi anapoinua kifundo huku ukikizuia, ni kano: kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini baada ya mwaka waliochomwa huwa nyuma ya wasiochomwa. Mwambie hivyo kabla hajaiomba.

Mwulize mtu mzima kama aliwahi kuvunjika kiwiko utotoni. Mfupa ukiunga vibaya, mkono ukapinda kwenda nje, neva ya alna huvutwa taratibu na ganzi huja miaka mingi baadaye. Yeye hatakutajia, kwake yale yalikwisha zamani.

Na mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko leo, mwambie aunde duara kwa gumba na shahada. Akishindwa, tawi la neva ya mediani limeguswa. Fanya hivyo kabla ya plasta na baada yake, na uandike majibu yote mawili pamoja na saa.