Kwa nini Kindle na simu unayo?

Ndugu, umeuliza kwa nini mtu atoe hela yake anunue Kindle au Kobo, vifaa vya kusomea vitabu tu, ilhali simu inafungua vitabu vizuri tu. Kubwa ni kioo. Cha simu kinakumulika machoni. Cha Kindle au Kobo kina chembechembe nyeusi na nyeupe ambazo umeme unazipandisha na kuzishusha, kisha zinatulia hapo hapo zenyewe. Kaa kibarazani saa saba mchana na simu yako, utajiona sura tu. Kifaa hiki jua likikipiga ndipo maandishi yanakolea, kama gazeti. Na kwa kuwa umeme unatumika hasa ukurasa unapogeuka, chaji inakaa wiki kadhaa. Umeme ukikatika mtaani, wewe huna habari.

Halafu hakuna WhatsApp. Wapo wanaonunua kwa hilo tu, na siwalaumu.

Wazee nao wanakuza herufi mpaka mstari unabaki na maneno manne matano, miwani pembeni.

Ila kama unachosoma ni notisi za chuo za PDF zilizoskaniwa kwenye A4, cha inchi 6 usinunue. Herufi zinakuwa ndogo mno, ukikuza unaburuta ukurasa huku na huku hadi unakereka. Faili za vitabu za aina ya EPUB ndizo zinazojipanga upya kufuata kioo. Vitabu vya Kiswahili kwenye maduka ya mtandaoni ya vifaa hivi ni vichache, lijue hilo mapema. Vilivyoisha hakimiliki Marekani, vingi vya Kiingereza, vipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, zaidi ya 70,000.