Re: Mchango wa retinoblastoma, wagonjwa au utafiti?
Dada, umeuliza mchango wa kikundi chenu uende kwa watoto wenye retinoblastoma, ile saratani ya jicho ya watoto, au kwenye utafiti. Mimi ningeanza na nauli. Pale Muhimbili watoto wenye saratani hutibiwa bure, lakini mama aliyetoka Kigoma na mtoto mgongoni bado anahitaji tiketi ya basi, sabuni, na mtu wa kumwachia wale wengine nyumbani. Akikosa nauli ya kurudi kwa dozi ya pili, ndiyo basi tena.

Utafiti nao msiudharau. Mwaka 1971 mtafiti Mmarekani Alfred Knudson alichambua visa 48 tu vya saratani hii ya jicho, akabadilisha namna dunia inavyoelewa saratani za kurithi. Visa 48!

Halafu waambieni wazazi: mboni iking'aa nyeupe kwenye picha ya flashi, hospitali haraka.