Umbo la shairi la toba la mdogo wetu wa Kigoma

Mwalimu umeuliza kama shairi hili ni guni, yaani lisilofuata vina na mizani. Hapana, ni tarbia: mishororo (mistari) minne kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane kwa nane. Vina, silabi zinazofanana, ni -li kati na -ngu mwisho, beti zote, kwa hiyo ni mtiririko. Mshororo mmoja tu umepelea, "Leo nasema kweli, lawama zi juu yangu": ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, una mizani saba. Angeandika "ukweli" yangetimia.

Kwenye mtindo ndiko kwenye utamu. Tazama kibwagizo, mshororo unaorudiwa kila ubeti: "Nimekosa nakubali, nisamehe ndugu yangu." Ungamo limekaa ukwapi, ombi utao (nusu ya pili), na kila ubeti unafuata mpango huohuo, kwa hiyo haombi kabla hajakiri. Takriri hiyo, yaani marudio, inamnyima pa kukwepea. Halafu kosa lenyewe kalitaja wazi, la sokoni Kibirizi, Kigoma: "Dagaa nilobadili, nikakuwekea wangu." Hapo kuna inkisari, yaani kufupisha neno, nilobadili kwa niliobadili, bila hiyo mizani ingezidi. Wengi wetu tungejificha kwenye "dhambi" na "dunia", yeye kataja dagaa! Nafsi ya kwanza haiachi hata mara moja. Sitiari karibu hakuna, na sioni kama zinahitajika.