Ukitaka kujitengenezea chuma cha kulehemu, anza na ncha

Kijana mpya akija bandani kwetu kujifunza redio, hazipiti wiki mbili kabla hajaniletea koili ya jiko la umeme aliyoizungushia msumari. Anaiunga kwenye betri ya pikipiki, koili inawaka nyekundu, naye anatabasamu. Namwambia haya, lehemu. Anagusisha waya wa risasi, ule mchanganyiko wa bati na risasi tunaouyeyusha kuunga nyaya, kwenye kichwa cha msumari na risasi inamtazama tu.

Simcheki sana, maana nami nilianza hivyohivyo. Nilijifunza ufundi Morogoro kwa mzee mmoja mkali wa mdomo. Tulikuwa wanafunzi watatu, chuma cha kulehemu kimoja, na chuma chenyewe ni cha mzee. Zamu yako ikifika, umeme umekatika. Ndipo nikaamua kujitengenezea changu cha betri, na nikaharibu vitatu kabla cha nne hakijafanya kazi. Ninachokuandikia hapa kinatoka kwenye hivyo vitatu zaidi kuliko hicho cha nne.

Kwanza tuelewane. Kama kesho una redio ya mteja mezani, nenda Kariakoo kanunue chuma cha wati 30 au 40, wala si ghali. Cha kujitengenezea kina faida kwa mtu anayekaa mahali pa betri na sola, na kwa mwanafunzi anayetaka kujua joto linapita wapi. Hilo la pili ndilo kubwa.

Cha kwanza changu nilichukua koili nzima ya jiko la wati 1000, nikaifunga kwenye betri ya volti 12. Nikasubiri. Ikawa vuguvugu, kama chai iliyosahaulika. Mzee alipita akaishika kwa vidole viwili, akaendelea na safari yake. Sikuwa nimepiga hesabu yoyote. Jiko la wati 1000 kwa umeme wa volti 230 lina ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubania umeme, wa kama omu 53. Ukiupa volti 12, zidisha 12 kwa 12 upate 144, gawanya kwa 53, unabaki na wati zisizofika 3. Kwa wati 3 utapasha kidole.

Kwa hasira nikakata kipande kifupi, kama shubiri moja. Hicho kiliwaka mpaka kikawa cheupe, kikakatika hata sijatafuta waya wa risasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unataka wati 30 hivi kutoka volti 12, basi unahitaji omu 5. Koili nzima ina omu 53, kwa hiyo kata sehemu ya kumi ya urefu wake, basi. Huhitaji kujua unene wa waya. Inyooshe koili, pima urefu wote, gawanya kwa kumi, kisha hakikisha kwa multimita. Kama unatumia chaja ya laptop ya volti 19, tafuta omu 9, utapata wati 40. Kile kiboksi cha umeme (power supply) cha kompyuta ya mezani iliyokufa nacho kinafaa sana: nyaya za njano ni volti 12, nyeusi ni hasi, na ili kiwake unaunganisha waya wa kijani na mweusi mmojawapo.

Angalizo kwa watu wa sola. Betri ikiwa inachajiwa volti zake hupanda hadi 14, na omu zako 5 zilizokuwa zinatoa wati 29 sasa zinatoa 39. Niliunguza koili moja saa sita mchana kwa sababu hiyo, nikadhani waya ulikuwa mbovu.

Waya wa nikromu, yaani nikeli na kromi, hukosi kwenye vyuma chakavu. Upo kwenye majiko ya koili, pasi, na draya za saluni. Mimi napenda draya, kwa sababu ukiifungua unakuta waya umezungushiwa kwenye vibamba vya ulanga (maika), na ulanga ndio unaouhitaji baadaye. Unapata vyote viwili kwa draya moja.

Sasa turudi kwa yule kijana na msumari wake. Moto alikuwa nao, tena mwingi. Mzee wangu aliponiona na msumari wangu alisema, "Moto unao, lakini umeuweka sebuleni na mgeni yuko uani." Chuma cha msumari hupitisha joto kwa uvivu. Shaba hupitisha zaidi ya mara 5 yake. Tena msumari una kutu na risasi haikubali kuushika. Ncha ni shaba, hakuna mjadala.

Tafuta waya mnene wa shaba, milimita 4 hivi, urefu wa sentimita 6 au 7. Kwa wauza vyuma chakavu utapewa vitu vingi vyenye rangi ya shaba ambavyo si shaba. Beba sumaku ya spika mfukoni: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa. Isiponasa, kwaruza kwa tupa. Ukiona weupe ndani, ni alumini. Na muuzaji akikuletea waya mpya unaong'aa wenye urefu wa ajabu, usiku, kwa bei ya kutupa, mwache aende nao. Huo una mwenyewe, na mwenyewe ana polisi.

Ncha igonge ikiwa ya baridi juu ya kipande cha reli au nyundo nyingine, kisha isugue kwa tupa iwe kama mdomo wa patasi, upana wa milimita 2 au 3. Vijana wengi huchonga iwe kali kama sindano wakidhani ndiyo ya kazi ndogo. Ncha kali haina mahali pa kubebea joto. Ikigusa mguu wa kapasita inapoa palepale.

Hiyo shaba izungushie ulanga mara moja au mbili, nyembamba uwezavyo, maana ulanga unazuia umeme lakini pia unachelewesha joto. Ni madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Mzee alikuwa na vipande vyake kwenye kopo la maziwa na alivihesabu. Juu ya ulanga zungusha waya wa nikromu, mizunguko kama 40, kila mmoja usimguse mwenzake. Nafasi ya unene wa ukucha inatosha. Mizunguko miwili ikigusana umepunguza omu bila kujua. Halafu ulanga tena juu, na vyote uviingize kwenye kipande cha antena ya redio, kile cha chini kabisa kilicho kinene. Acha shaba itokeze mbele sentimita 2.

Nyuma ndipo nilipoharibu cha pili. Niliiacha shaba ndefu ikaingia hadi ndani ya mpini, nikaona inashika vizuri, haichezi. Mpini ulikuwa kipande cha fagio. Baada ya dakika tano ncha ilikuwa bado inasuasua na mpini unatoa moshi. Joto halijui mbele wala nyuma, linafuata shaba. Kwa hiyo ikate shaba iishie pale koili inapoishia, na kutoka hapo hadi mpini kuwe na bomba tupu la antena la sentimita 5 au zaidi. Ukitaka shaba isicheze, ziba nyuma yake kwa udongo wa mfinyanzi, kisha uuache ukauke siku mbili na uumalizie pembeni ya jiko la mkaa. Udongo mbichi hupitisha umeme, na ukipata moto wa ghafla unapasuka.

Cha tatu kiliniuma zaidi kwa sababu kilifanya kazi siku nzima. Nilikuwa nimesokota ncha za nikromu na nyaya za shaba kwa plaizi, nikaongeza risasi juu kwa usalama. Cheka tu. Risasi yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 183, na iko ndani ya kitu kinachotengenezwa kuiyeyusha. Isitoshe, nikromu haishiki risasi ya kawaida hata ukiisali. Kiungo kililegea, kikapiga cheche, kikala waya. Dawa yake ni skrubu: vunja ile konekta ya plastiki ya nyaya za nyumba, toa kile kibomba chenye skrubu mbili, ingiza nikromu upande mmoja na waya wa shaba upande wa pili, kaza. Viweke karibu na mpini ambako kuna ubaridi. Na mkia wa nikromu unaotoka kwenye koili kwenda huko ukunje mara mbili na uusokote, ili usiwake njiani.

Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya. Chuma hiki kinakula ampea 2 na nusu tu, lakini betri ya pikipiki ikipigwa shoti inaweza kuwasha waya mzima mkononi mwako. Betri ya Ah 7 (ampea-saa 7) usiitegemee hata saa 2.

Umeme wa ukutani usiuguse. Ulanga wa kuokota una nyufa usizoziona, na siku utakapopasuka, bomba lote unaloshika lina volti 230. Na wale wanaotaka kunyofoa transfoma ya microwave ili watengeneze chuma cha kulehemu chenye umbo la bunduki, hiyo transfoma inatoa volti zaidi ya 2000 na haitoi onyo. Iacheni.

Ukifungua pasi za zamani sana ukakuta kitambaa cheupe cha nyuzinyuzi, kinaweza kuwa asbesto. Usikikune wala kukipuliza, kifungie kwenye mfuko. Halafu kuna ile tabia yetu ya kushika waya wa risasi kwa meno mikono ikiwa na kazi. Mzee alinipiga kofi la kisogo kwa hilo, na nilistahili. Nawa mikono kabla ya kula. Moshi unaouona wakati wa kulehemu unatoka kwenye utomvu wa msonobari uliomo katikati ya waya, si risasi, lakini nao unawasha mapafu, kwa hiyo kaa karibu na dirisha.

Siku ya kukiwasha mara ya kwanza usiondoke kwenda kunywa maji. Sugua ncha kwa tupa mpaka iwe nyekundu safi ya shaba, washa, na papo hapo uwe umeigusisha waya wa risasi. Ndani ya dakika 2 au 3 risasi italegea na kutambaa juu ya shaba kama mafuta kwenye kikaango. Ikitambaa pande zote, umepata. Ukichelewa, shaba inageuka bluu, halafu nyeusi, na juu ya weusi huo risasi inakusanyika kama tone la maji kwenye jani la mgomba na kudondoka. Zima, sugua, anza upya. Ukitumia waya usio na risasi, wa bati na shaba, kumbuka unataka nyuzi 227, kwa hiyo chuma kidogo kama hiki kitahangaika. Wa 60 kwa 40, yaani bati 60 na risasi 40, ndio rafiki yake.

Halafu, tafadhali, usipake risasi kwenye ncha ukaenda kuipakaza kwenye kazi kama siagi. Gusisha ncha kwenye mguu wa kifaa na bodi kwa pamoja, hesabu moja, mbili, kisha lisha waya kwenye kiungo, si kwenye ncha. Kikipoa king'ae. Kikiwa na rangi ya majivu na chembechembe, kimeshika kwa aibu tu, rudia.

Shaba tupu huliwa na bati kila siku, utaona ncha ikipata mashimo. Ichonge tena. Ikiisha, vuta nyingine uweke. Changu cha nne nimeshakibadilisha ncha mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Siku hizi nina chuma cha kununua chenye kipima joto, lakini umeme ukikatika jioni na mteja amekaa kwenye benchi na redio yake mapajani, natoa kile chenye mpini wa fagio, bado una alama ya kuungua upande mmoja.