Jibu: Shule imezuia cheti cha KCSE kwa sababu ya karo

Habari dada. Nimekuelewa: kijana amemaliza kidato cha nne, shule ya umma imekalia cheti chake cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya) hadi umalize salio la karo, na mwajiri anataka cheti halisi.

Hawana haki hiyo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012, kifungu cha 10, inasema cheti hakitazuiwa na mtu wala taasisi yoyote. Deni linabaki kuwa deni na wanaweza kukudai, lakini cheti cha mtoto si rehani.

Kwanza hakikisha cheti kimefika shuleni na majina hayana kasoro. Kisha acha maneno ya mdomo, andika barua kwa mwalimu mkuu ukitaja kifungu hicho. Tulipofuatilia cha mpwa wangu, kila tukienda ni "njooni Jumatatu", hadi tulipopeleka barua nakala mbili. Karani akagonga muhuri na tarehe kwenye nakala yetu, na hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika. Bila muhuri huo huna cha kuonyesha kwingine.

Wakikataa, ipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, halafu Tume ya Haki za Utawala, ile ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kulalamika huko ni bure. Mahakama iwe ya mwisho.

Na tafadhali, usitie sahihi ahadi ya malipo usiyoiweza kwa sababu ya kubanwa. Kijana aende kuchukua cheti mwenyewe, na kitambulisho chake mkononi.